Begi la biharusi limejaa, nyumba yake ina giza



Leo hatuzungumzii hina wala piko, ingawa tunajua msimu umefika na wengi mmekuja kutafuta picha. Tutarudi huko, inshaallah. Leo tuna ugomvi, na ugomvi wetu ni na begi la biharusi.

Wiki tatu nyuma tulialikwa shughuli moja hapa mjini. Begi likafunguliwa kama ada, kila kitu kikainuliwa juu watu wakione: kanga, madira, mabaibui matatu, udi, manukato, seti ya dhahabu. Vigelegele havikukatika. Chini kabisa ikatoka taa ya sola na paneli yake ya kukunja. Kumbe dada yake bwana harusi ndiye aliyeitia. Wanawake wakaangua kicheko. Shangazi mmoja akauliza, "Hii ya kwendea pwani kuchokoa pweza?" Biharusi akainamisha uso, na taa ikarudishwa begini haraka kama kitu cha aibu.

Sisi hatukucheka. Mmoja wetu aliyekaa pale ana mtoto wa miaka minne mwenye pumu, na mtoto huyo hutumia mashine ya mvuke inayotaka umeme. Miezi michache kabla, usiku wa manane, umeme ulikatika katikati ya dawa. Mume yuko safarini. Simu ina asilimia sita. Akawasha tochi ya simu kutafuta ile dawa ya kuvuta ya mkononi, akapekua kabati nzima, na kabla hajaiona simu ikazima. Sasa hana taa, hana mashine, na hana njia ya kumwita dereva. Akatoka barabarani na mtoto begani, kanga juu ya nguo ya kulalia, akagonga mlango wa jirani mwenye pikipiki.

Mtoto yuko salama, alhamdulillah. Lakini tuambieni, nyumba ile ilikosa nini? Ina friji la milango miwili. Ina kochi linalozunguka ukumbi mzima. Ina vikombe vyenye ukingo wa dhahabu ambavyo havijanywewa chai tangu siku ya harusi. Vyombo vilikuja gari mbili, na mitaa mitatu ilitoka kuvitazama. Hakuna aliyefikiria taa.

Na sisi ni watu wa kisiwa, jamani! Tulitakiwa tuwe wa mwisho kusahau. Umeme wa Unguja unakuja kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba. Mei 2008 tulikatikiwa karibu mwezi mzima. Hatukujifunza. Desemba 2009 tukakatikiwa tena, na safari hii umeme haukurudi mpaka Machi 2010. Karibu miezi mitatu! Wewe unayeolewa mwaka huu pengine ulikuwa mtoto, basi muulize mama yako. Pampu za maji zilisimama pamoja na taa, na ndoo walizibeba nani? Ni wanawake na watoto, visimani, alfajiri na magharibi. Wenye jenereta walinunua mafuta mpaka wakachoka, na waliokuwa hawana walirudi kwenye kandili na vibatari.

Kisha Pemba ikaunganishwa na Tanga mwaka 2010, na mwaka 2013 Unguja ikapata waya mpya wa megawati 100. Tukashukuru, na tukalala. Waya mpya ni neema, lakini bado ni waya. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokaribia, boti za kwenda Dar zilisimamishwa. Siku waya na boti vikisimama pamoja, mafuta ya jenereta utayapata wapi? Utakachokuwa nacho ni kile kilichomo ndani, na jua.

Tukisema haya tunajibiwa, "Tuwe na tawakkul." Sawa, na tuwe nayo, lakini tusiifanye mto wa kulalia. Sote tulisoma chuoni habari ya yule bedui na ngamia wake: Mtume, rehma na amani zimshukie, alimwambia amfunge kwanza, ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Mbona siku ya harusi hatusemi tawakkul? Siku ile tunakodi jenereta ya akiba ukumbini ili jukwaa lisizime hata dakika tano. Kwa usiku mmoja wa picha tunajiandaa, na kwa maisha ya miaka arubaini tunasema Mungu atasitiri.

Wengine wanasema mshumaa unatosha. Mshumaa karibu na chandarua, na watoto wamelala! Mtume alitufundisha kuzima taa tunapolala, kwa sababu panya anaweza kuburura utambi akawaunguza watu wa nyumba. Mafunzo hayo ni ya karne kumi na nne na bado tunaacha kibatari kinawaka mpaka asubuhi. Na jenereta usiiwashe ndani wala barazani karibu na dirisha. Moshi wake una sumu isiyo na rangi wala harufu, na huua watu usingizini.

Kuna na lile la kwamba sola ni mambo ya wanaume. Nendeni Kinyasini. Pale kuna chuo cha Barefoot kinachowafundisha akina mama wa vijijini, wengine hawakusoma sana, wakawa mafundi wa sola, na wakirudi vijijini kwao wanafunga taa na kuzitengeneza. Bibi wa shamba anashika waya, wewe wa mjini mwenye shahada unamngoja mume arudi safari akubadilishie balbu?

Basi tunasema wazi: biharusi, itaje sola kwenye mahari yako. Mahari ni haki yako, Suratun Nisaa imeamrisha upewe, na si lazima iwe fedha taslimu au dhahabu, bali kitu chochote halali chenye thamani. Na kikiwa mahari ni mali yako. Hakitoki ndani kwenda kuwashia kibanda cha shemeji bila ya ridhaa yako. Hili tunalisema kwa sababu tumeshaona sola zikihama.

Sasa usiende dukani kichwa kitupu. Kuna wati na kuna wati-saa. Wati ni unene wa bomba, wati-saa ni ukubwa wa tangi. Taa mbili za wati 5 kwa saa sita zinakula wati-saa 60. Simu mbili, kama 30. Feni ndogo ya wati 20 kwa saa nane za usiku, 160. Jumla 250, kwa hiyo betri ya kubeba yenye wati-saa 300 inakulaza salama. Mashine ya mvuke ya wati 120 ikifanya kazi dakika kumi inakula 20 tu, ila lazima betri iwe na tundu la plagi ya kawaida, na usome kibandiko cha mashine kabla ya kununua. Pasi, birika na jiko la umeme sahau kabisa. Hivyo vitaimaliza betri upesi, kama itakubali hata kuviwasha.

Paneli ya wati 100, siku ya jua kali, hukupa kama wati-saa 300 mpaka 400. Masika mawingu yakitanda usitegemee hata nusu, kwa hiyo ukiweza ongeza paneli. Ilaze juani isipopita kivuli, maana kuti moja la mnazi linatosha kuipunguza sana nguvu. Betri yenyewe iache kivulini, joto linaiua. Na usiifungie kabatini mwaka mzima kama sahani za wageni. Kila miezi miwili mitatu itoe, itumie, ichaji tena.

Madukani kuna uongo mwingi. Ukiona namba kubwa ya "mAh", izidishe kwa 3.7 kisha gawa kwa elfu, utapata wati-saa. Ile ya 20,000 ambayo unaiona jitu ni wati-saa 74 tu. Na ukiambiwa kidude chepesi kama kiganja kina nguvu ya kuendesha friji, mrudishie mwenyewe kwa salama. Sisi tuliulizia paneli na betri ya kiasi hicho tulichokitaja, yenye dhamana ya maandishi, na bei yake haikufika nusu ya tuliyolipa kukodi jukwaa na maua ya harusi ya mwisho tuliyoisimamia. Maua yalitupwa asubuhi yake.

Asiyeweza hiyo aanze na taa moja yenye paneli yake na tundu la kuchajia simu. Ile ile iliyochekwa.

Mwezi ujao tunamuoza mdogo wetu. Sola tumeiandika juu kabisa ya orodha iliyopelekwa kwa upande wa kiume, na wao wamekubali bila neno. Aliyegoma ni shangazi yetu wenyewe, anasema watu watatuona tumefilisika. Ijumaa tunamwendea tena, na taa tunaichukua mkononi, maana mtaani kwake umeme hukatika kila magharibi.