Msibomoe Kanisa la Wazee

Huku kwetu Ngara na Biharamulo, na Kagera kwa jumla, umezuka mtindo tunaoupinga. Usharika ukipata fedha kidogo, kanisa la zamani linaangushwa ili pajengwe "la kisasa": vioo, vigae, spika kila kona. Matofali waliyofyatua babu zetu yanageuka kifusi cha kujazia msingi.

Wabomoaji wana hoja mbili. Ya kwanza ni ya imani: kanisa ni watu, si jengo. Ni kweli, na sisi Walutheri tumekiri hivyo tangu Ungamo la Augsburg la mwaka 1530. Lakini hoja hiyo inawageukia wenyewe. Kama jengo si kitu, mbona wajane wanachangishwa ili lipatikane kubwa zaidi? Mwaka 1522 Luther alirudi Wittenberg akakuta watu wameanza kuvunja sanamu makanisani. Hakuwapongeza. Alihubiri siku nane mfululizo kuwarudisha kwenye upendo na subira. Tusichokiabudu si lazima tukivunje.

Hoja ya pili ni ya usalama. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 liliua watu na kuangusha nyumba nyingi, hasa upande wa Bukoba. Kuta za tofali zisizo na nondo ni dhaifu ardhi ikitikisika, hatulifichi hilo. Lakini ukuta wenye ufa huitiwa mhandisi kabla ya kuitiwa nyundo. Mkanda wa zege juu ya kuta na paa lililofungwa imara vyaweza kuokoa mengi. Lisilookoka na libomolewe, ila kwa taarifa ya mhandisi, si kwa tamaa ya vigae.

Wengine husema haya ni makanisa ya Wazungu. Wamisionari wa Betheli walifika Bukoba mwaka 1910, na michoro yaweza kuwa yao. Udongo, kuni za tanuru na mabega yaliyobeba vilikuwa vyetu. Na mafundi wale walijua kazi. Ukuta mnene hupunguza joto la mchana, dirisha la juu hutoa hewa nzito, paa lililochomoza hulinda tofali na mvua. Azania Front ya Dar es Salaam, iliyomalizika mwaka 1902, ina vijipaa vya vigae juu ya madirisha yake kukinga jua. Sisi tunajenga vioo vitupu, kisha tunanunua feni.

Aibu iliyo kubwa zaidi iko Biharamulo. Boma la Wajerumani, ngome ya watawala, limekarabatiwa na linasimama. Tumetunza nyumba ya waliotutawala, tunabomoa nyumba tulimobatiziwa!

Wala tusingoje Serikali. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Misheni ya kwanza mkoani kwetu, Kashozi ya Wakatoliki, ilianza mwaka 1892. Basi hakuna hata kanisa letu moja linalolindwa hivyo. Lisipotangazwa rasmi kuwa kumbukumbu, mlinzi wake ni usharika wenyewe.

Ng'ambo ya Rusumo, kule Nyarubuye, watu walikimbilia kanisani Aprili 1994 wakauawa. Majirani zetu hawakulifuta kanisa lile. Wameliacha lishuhudie. Ikiwa wao wametunza kuta zenye uchungu kiasi hicho, sisi tuna udhuru gani kwa kuta zilizosikia ubatizo na ndoa?

Yoshua aliamuru mawe ya Yordani yasimamishwe ili watoto waulize maana yake. Mtoto hawezi kuuliza juu ya jiwe lililokwisha kuzikwa chini ya vigae.

Tunadai basi: pasibomolewe kanisa la zamani lolote bila taarifa ya mhandisi, kura ya mkutano mkuu wa usharika, na idhini ya dayosisi. Anayetaka kanisa kubwa, kiwanja kipo pembeni. Ajenge, na la wazee aliache wafundishiwe watoto Shule ya Jumapili.