Wahandisi Wanafunzi Waanzie Kalokol
MAONI YA WIKI
Na Josephat Ekiru

Msimu wa atachimenti umewadia. Vyuo vikuu vinapofunga, wanafunzi wa uhandisi hutawanyika Nairobi na Mombasa na bahasha za barua za maombi, wakibisha mlango mmoja baada ya mwingine. Shahada yao ni ya miaka mitano, na bila mafunzo hayo ya kazini hawafuzu. Ila waliobahatika kupata nafasi, wengi huishia kutoa nakala za barua na kuwachemshia wakubwa chai. Miezi mitatu ikiisha, daftari linapigwa mhuri, mhadhiri anapita mara moja, alama zinaingia.

Hizo si alama za uhandisi, ni alama za mahudhurio. Wanafunzi hao waleteni Turkana, na waanzie Kalokol.

Mji huu, kilomita 60 hivi kutoka Lodwar, una somo ambalo halipatikani katika maabara yoyote. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Norway, kupitia shirika lake la misaada la NORAD, ilitujengea kiwanda cha kugandisha samaki kando ya Ziwa Turkana. Kilifanya kazi muda mfupi tu kikafungwa, na jengo likaishia kuwa ghala la samaki wakavu.

Watu wa mbali husema kiwanda kilikufa kwa sababu Mturkana ni mfugaji, hali samaki. Huo ni uvivu wa kufikiri. Wapo Waturkana wa ziwani waliokuwa wakivua kwa makapu ya kusuka katika maji ya kina kifupi tangu enzi za mababu. Kilichokiua kiwanda ni hesabu.

Na hesabu yenyewe haimshindi mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Tani moja ya samaki wenye joto la nyuzi 30, ukitaka iteremke hadi nyuzi 18 chini ya sifuri, ni lazima uiondolee joto la takriban kilowati-saa 110. Hapo bado hujawalinda wasiyeyuke katika mji ambao mchana hupita nyuzi 35. Hujatafuta maji safi ya kuwaoshea, ilhali ya ziwa yana magadi. Kisha ziwa nalo lina tabia zake: katikati ya miaka hiyo ya 1980 maji yalirudi nyuma, Ghuba ya Ferguson ikakauka, na samaki wakaenda nayo.

Wakati huohuo, akina mama wa Kalokol wanapasua ngege, wanatoa matumbo, wanatia chumvi, wanaanika. Jua halileti bili. Ng'onda hao hupakiwa kwenye malori, na wengine hufika hadi Kongo. Mwanafunzi akiulizwa kwa nini njia hii imedumu na ile ya mamilioni ya dola ikafa, na akajibu kwa tarakimu, huyo amestahili alama zake.

Kazi zipo tele. Vijijini hutakosa kisima kilichosimama kwa sababu ya kipete cha mpira kilichochakaa, inveta iliyoungua, au paneli za sola zilizofunikwa vumbi. Kakuma, wafanyabiashara wakimbizi wameuza umeme wa jenereta kwa nyaya walizotandaza wenyewe, na jirani yao Kalobeyei kuna mtambo wa sola unaohudumia makazi. Kulinganisha mifumo hiyo miwili, gharama kwa gharama, ni mradi tosha wa kuhitimu.

Lakini kumleta tu mwanafunzi hakutoshi, kanuni ya alama nayo ibadilike. Nusu ya alama izuiliwe hadi miezi mitatu baada ya yeye kuondoka, kisha ofisi ya maji ikague: pampu aliyoitengeneza ingali inatoa maji? Daftari lake litiwe saini na mhandisi wa kaunti pamoja na fundi wa pampu wa kijiji, kwa maana fundi huyo ndiye atakayebaki na mtambo.

Najua pingamizi. Mwanafunzi anakilipia kipindi hicho karo, halafu ajigharamie nauli na chumba Lodwar? La hasha. Anayefanya kazi ya umma asiifanye kwa fedha za mzazi wake. Kaunti ilipe nauli, malazi na chakula, na Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana, kilichopo Lodwar tayari, kiwe mwenyeji na mratibu. Kuna watakaosema hilo ni ghali. Walinganishe na gharama ya kuchimba kisima, kisha kukiacha kife kwa kukosa kipete.

Kuna haki nyingine hapa. Vijana wetu wanaosomea uhandisi Nairobi, Juja au Eldoret hurudi nyumbani likizo ile ile na kukosa pa kujifunzia, huku mama zao wakitembea mwendo mrefu na mitungi. Hao ndio wapewe nafasi za kwanza, na milango isifungwe kwa wageni.

Serikali ya kaunti itenge fedha hizo katika bajeti ijayo, nazo seneti za vyuo zibadilishe kanuni kabla ya msimu mwingine. Barua za maombi zitakapoanza kuja Lodwar, asitokee karani wa kujibu kwamba nafasi zimejaa. Visima peke yake vitawapa kazi wanafunzi wa miaka mingi.