Maumivu ya Ihefu, waulizeni Sumbawanga

AGOSTI 2024 msimu mpya wa Ligi Kuu Bara ulikuwa unaanza. Yanga ilikuwa imeshabeba Ngao ya Jamii kwa kuichapa Azam mabao 4-1, Simba ilikuwa imetambulisha kikosi kipya, na vijiweni kila mtu alikuwa kocha. Sumbawanga nako, pamoja na upepo wa baridi wa Ufipa unaowafanya watu wavae makoti mpaka saa nne asubuhi, ubishi ulikuwa moto.

Lakini safari ile katikati ya ubishi wa usajili kulikuwa na habari mbili zilizojirudia, moja ya huzuni na nyingine ya ajabu. Zote zilihusu timu moja.

Ya huzuni ni kwamba Ihefu haipo tena. Mbogo Maji wa Ubaruku, Mbarali, jina limefutwa. Ya ajabu ni kwamba timu yenyewe haijafa. Inacheza, ina nafasi yake kwenye Ligi Kuu, ila sasa inaitwa Singida Black Stars, na mwaka 2024 nyumbani kwake palikuwa Uwanja wa Liti, Singida. Kituko kingine kilikuwa ratiba: mechi yake ya kwanza ya ligi iliipeleka Mbeya, Uwanja wa Sokoine, kucheza na KenGold iliyopanda daraja. Yaani timu ilirudi mkoa uliouzoea, ila iliingia kwa mlango wa wageni.

Mashabiki wengi nchini walicheka. Waliuliza kama mwaka uliofuata Singida ingehamia Kigoma na Kigoma ihamie Lindi. Sumbawanga hawakucheka sana. Wao waliwahi kuwa na timu ya Ligi Kuu ya kuletewa, na wanajua siku inapoondoka mtu anabaki na nini.

Ramani ya ligi inavyochanganya

Kwanza tuweke mambo sawa, maana hata shabiki mzuri anaweza kupotea hapa.

Singida ilikuwa na Singida Big Stars, timu iliyopanda daraja mwaka 2022 ikitokea kwenye jina la DTB. Mwaka 2023 ikawa Singida Fountain Gate. Katikati ya msimu wa 2023/24, Ihefu ikatoka Mbarali na kuhamia Singida, huku Singida Fountain Gate yenyewe ikitoka Singida na kwenda kutumia CCM Kirumba, Mwanza. Mwaka 2024 Ihefu ikawa Singida Black Stars, na ile iliyokuwa Singida ikabaki Fountain Gate na ikaweka makazi Babati, Manyara.

Ongeza Tabora United, ambayo mwaka 2023 ilikuwa Kitayosce, timu yenye asili ya Kilimanjaro. Hiyo ndiyo iliyoanza msimu wa 2023/24 dhidi ya Azam ikiwa na wachezaji wanane kwa matatizo ya usajili. Wawili wakaumia, mechi ikavunjika mapema, Azam ikiwa imeshafunga manne. Watu walicheka sana siku ile. Lakini kulikuwa na mtu wa Tabora aliyekuwa amengoja Ligi Kuu kwa hamu, na hiyo ndiyo zawadi aliyopewa.

Ukimweleza mgeni mambo haya atadhani unamtania. Shabiki wa Mbarali hana muda wa utani huo. Novemba 29, 2022, pale Highland Estates, timu yake iliifunga Yanga mabao 2-1 na kuvunja rekodi ya Wananchi ya kucheza mechi 49 za ligi bila kupoteza. Oktoba 2023 ikarudia palepale, 2-1 tena. Mji mdogo wa wakulima wa mpunga ukawa unatajwa kwenye kila redio ya nchi hii. Leo anaambiwa ashangilie nini? Kumbukumbu ni zake, timu ni ya mwingine.

Sumbawanga walikuwa na siku yao

Na hapo ndipo Sumbawanga inapoingia.

Msimu wa 2020/21, Tanzania Prisons ilihamishia mechi zake za nyumbani kutoka Mbeya na kuzileta Uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga. Kwa mkoa wa Rukwa hiyo haikuwa habari ndogo. Huu ni mji ambao kwa miaka shabiki wake amezoea kuiona Ligi Kuu kwenye kibanda umiza, au kupanda basi kupitia Laela na Tunduma, zaidi ya kilomita 300 mpaka Mbeya, kwa mechi ya dakika 90. Ghafla ligi ikawa mlangoni.

Oktoba 22, 2020, Simba ikaja. Simba ile ilikuwa bingwa mtetezi, haijapoteza mechi hata moja ya ligi msimu huo, na ilimaliza msimu ikiwa bingwa kwa mara ya nne mfululizo. Kipindi cha pili Samson Mbangula akaifungia Prisons bao pekee. Wajelajela 1, Simba 0. Kipigo cha kwanza cha Wekundu wa Msimbazi msimu ule kiliandikwa kwa jina la Sumbawanga.

Mitandaoni watu wakaanza utani wao wa siku zote kuhusu jina la mji, kwamba Simba ilisahau kutupa uchawi ilipofika. Watu wa Sumbawanga wameuzoea utani huo, na siku ile ulikuwa mtamu. Mwishoni mwa mwaka huohuo Yanga ikaja, ikaondoka na sare ya 1-1. Ikarudi mwaka 2021 kwenye Kombe la Shirikisho la Azam, ikashinda 1-0.

Siku za mechi hizo, mji wenye mpira mkubwa unafahamika tu. Gesti zinajaa, boda haishiki chini, mama lishe anapika mara mbili ya siku nyingine, na muuza jezi anayekaa wiki nzima bila mteja anamaliza mzigo kabla ya saa nane mchana. Lakini zaidi ya fedha kuna mtoto wa shule aliyeona kwa macho yake kwamba mchezaji wa Ligi Kuu ni binadamu anayeteleza, anayekosa bao, anayetoka jasho. Kwa mtoto wa Katandala au Chanji, hilo ni somo ambalo televisheni haitoi.

Kisha ikaisha. Msimu uliofuata, Yanga ilipoifuata Prisons Desemba 2021, ilishukia Sokoine, Mbeya. Wajelajela walikuwa wamerudi kwao. Uwanja wa Nelson Mandela ukabaki na upepo wake.

Nani alikosea?

Tuseme ukweli: Prisons haikumwibia mtu. Ni timu ya Jeshi la Magereza, maskani yake ni Mbeya, na mtu kurudi nyumbani kwake si kosa. Ihefu nayo ni mali ya wenyewe. Timu za Tanzania hazijiendeshi kwa mapenzi ya mashabiki. Zinataka mshahara, nauli, kambi, hoteli na usajili. Anayelipa bili ndiye anayeamua basi lielekee wapi. Shabiki anayelia Mbarali leo, ni mara ngapi alinunua tiketi mechi isiyo ya Simba wala Yanga?

Swali hilo linauma, na linauma Sumbawanga pia. Mikoani kote tabia ni ileile. Siku ya Simba uwanja unajaa jezi nyekundu, siku ya Yanga unajaa za kijani na njano, na wengi wa waliozivaa ni wenyeji. Timu mwenyeji inacheza nyumbani kama iko ugenini. Ikija Coastal Union au Mtibwa, jukwaa lina nafasi ya kuanika mahindi. Timu ikiona hivyo itafunga mizigo tu, itabaki kwa lipi?

Lakini hoja hiyo ina mpaka wake. Kuna tofauti kati ya timu kuwa na mwenyewe na timu kutokuwa na adabu kwa watu wake. Kilichowauma Mbarali ni namna ya kuondoka, katikati ya msimu, mechi za nusu ya kwanza zikiwa zimechezwa kwao na nusu ya pili zikihamia mkoa mwingine. Hata upande wa ushindani hilo halikai sawa. Timu iliyokwenda Highland Estates mzunguko wa kwanza ilikutana na mazingira mengine kabisa na iliyoifuata Ihefu Liti mzunguko wa pili. Ligi ni ileile, ugenini ni tofauti.

Hapa TFF na Bodi ya Ligi wana kazi. Timu ikitaka kuhama, ihame msimu ukiwa umeisha, itangaze mapema, na ikishachagua uwanja ikae nao msimu mzima, isipokuwa uwanja umefungiwa au umeharibika. Na jina likibadilika, libadilike kwa masharti yanayoeleweka, siyo kila Julai shabiki anaamka na kuuliza timu yake inaitwaje. Hayo hayahitaji fedha, yanahitaji kanuni na mtu wa kuisimamia bila kuangalia sura.

Wimbledon walifanyaje?

Uingereza waliwahi kupitia haya. Mwaka 2002 klabu ya Wimbledon ya London iliruhusiwa kuhamia Milton Keynes, na mwaka uliofuata ikahama kweli, kisha ikabadili jina. Mashabiki wake walilia kama wanavyolia Mbarali. Halafu wakafuta machozi, wakaanzisha timu yao wenyewe, AFC Wimbledon, mwaka huohuo wa 2002, wakaanza kule chini kwenye ligi za ridhaa. Walipanda ngazi moja baada ya nyingine, mpaka mwaka 2016 wakafika League One, daraja la tatu. Mwaka 2020 wakarudi kucheza kwenye mtaa wao wa zamani, Plough Lane, kwenye uwanja mpya.

Mtu atasema Uingereza ni Uingereza na Rukwa ni Rukwa. Sawa. Fedha hazilingani hata kidogo. Lakini njia ya kupanda ipo hapa kama ilivyo kule: ligi ya mkoa, Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, First League, Championship, kisha Ligi Kuu. Ni ndefu na inachosha, ila haina mlango uliofungwa kwa ajili ya Sumbawanga. KenGold ya Chunya ilipita njia hiyo na msimu wa 2024/25 ilikuwa Ligi Kuu. Pamba ya Mwanza ilipotea Ligi Kuu kwa zaidi ya miaka 20, watu wa Mwanza hawakuisahau, mwaka 2024 ikarudi ikiitwa Pamba Jiji.

Rukwa inakosa nini? Uwanja upo, na umeshawahi kubeba Simba na Yanga. Watu wapo, Oktoba 2020 walionekana. Mkoa huu unalima mahindi kwa wingi, kwa hiyo kuna wafanyabiashara wenye maghala na malori ambao wangeweza kubeba nauli za timu moja bila kuyumba. Vipaji viko Sumbawanga mjini, Laela, Namanyere, Kirando na kule mwambao wa Ziwa Tanganyika, vinacheza pekupeku mpaka vinazeeka. Kinachokosekana ni watu wa mkoa kukubaliana kwamba timu ni moja, waache kugombania uongozi wa timu ambayo bado haina hata mipira.

Na shabiki ana sehemu yake. Mechi ya ligi ya mkoa kiingilio ni kidogo, lakini mtu yuko radhi alipe kibanda umiza kuangalia Arsenal. Hakuna ubaya kuipenda Arsenal. Ila Arsenal haitakuja Sumbawanga, na dogo anayecheza winga kwenye ligi ya mkoa anaweza kuwa Mbangula wa kesho, kama kuna mtu wa kumwangalia leo.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Prisons ilichezea Sumbawanga, lakini kwao ni Mbeya. Ihefu ilikuwa kwao, ikaondolewa. Singida leo wanashangilia timu ya tatu ndani ya miaka michache, na si vibaya kuwatakia heri, kwa sababu nao wameshaonja kuachwa: Singida United ilishuka mwaka 2020, Fountain Gate ikaenda zake.

Kwa hiyo shabiki wa Sumbawanga akisikia uvumi kwamba kuna timu ya Ligi Kuu inataka kuja Nelson Mandela msimu ujao, aipokee, aijaze uwanja, ale mapato ya siku hiyo. Ila jioni akirudi nyumbani aulize timu ya mkoa inacheza lini, na Jumamosi hiyo aende.