Jicho Zima, Nusu ya Sahani

Mgonjwa wa kiharusi ameketi kitandani na sahani ya matoke na mchuzi wa karanga. Anakula, anasema chakula kimekwisha, na njaa bado anayo. Upande wa kushoto wa sahani haujaguswa. Kampala, hata katika hospitali kubwa kama Mulago, anayemlisha na kumwogesha mgonjwa mara nyingi ni ndugu yake, na hukumu ya ndugu huwa tayari: macho anayo, basi huu ni ukaidi, au kuna mkono wa mtu. Hukumu hiyo naipinga kwa nguvu zote. Imejengwa juu ya imani kwamba jicho zima likitazama, mtu ameona.

Jicho hupokea mwanga tu. Kuchagua cha kuzingatia ni kazi ya ubongo, na upande wake wa kulia ukiumia, hasa sehemu ya juu na nyuma ya sikio, ulimwengu wa kushoto unaweza kumtoka mtu kabisa. Mwaka 1978 Edoardo Bisiach na Claudio Luzzatti waliwaomba wagonjwa wa aina hii huko Milano wajione wamesimama uwanjani wakilitazama kanisa kuu la mji wao, wataje majengo yaliyouzunguka. Wakataja zaidi ya kulia. Walipoambiwa wajione wamelipa kanisa mgongo, yale waliyoyaacha yakatajwa na waliyoyataja yakapotea. Hapo jicho halikutazama jengo lolote. Ilikuwa kumbukumbu tupu.

Wapo watakaosema ni upofu wa nusu. Lakini mwenye upofu huo kwa kawaida hujifunza kugeuza shingo, kwa kuwa anajua kuna kitu kinamkosa. Huyu hageuki, maana kwake hakuna kinachokosekana. Wanaoshikilia kwamba ni ukaidi waizungushe sahani ile: mara nyingi mgonjwa ataendelea kula. Na wanaoshuku mkono wa mtu, wakiuliza mbona kiharusi kilimpata ghafla, labda siku chache baada ya ugomvi wa kiwanja, wajue kwamba shinikizo la damu hukaa kimya miaka mingi, kisha mshipa huziba au hupasuka mara moja.

Wengi hupata nafuu, wakifundishwa kwa subira kuutafuta upande wa kushoto. Anayekaripiwa tu hafundishwi chochote, na siku moja atatoka peke yake. Uganda magari hupita kushoto: avukaye barabara ya njia mbili hukutana kwanza na magari yanayotoka kulia kwake, nayo atayaona. Akishapita katikati, bodaboda zinamjia kutoka kushoto.