Namba ya kasha si makuta

Wandugu wachimbaji, mama na vijana, siku hizi tunaonyeshwa ku simu picha ya sarafu ya feza ya Marekani: dola ya Morgan ya 1921, ndani ya kasha ya plastiki, juu yake MS 65. Muuzaji anasema: tuma makuta leo, kesho itaisha. Tununue bila kuiona?

Sisi tunajua mambo hii. Ku depo, mwenye kununua ndiye mwenye mashini ya kupima tenere. Mara ngapi tumedai mawe yetu yapimwe pengine? Basi tuwe wakali vile vile hapa.

MS 65 inatoka ku kipimo cha 1 mpaka 70. Inahukumu sura ya sarafu, si uzito. Kila dola ile iko na gramu 26,73, na sehemu tisa kwa kumi ndiyo feza. Mwaka 1921 walitengeneza zaidi ya milioni 80: si kitu cha haba.

Mwenye kuipenda kweli atafute kwanza namba ya kasha ku intaneti, kwa kampuni iliyoipima. Alinganishe picha za pande mbili, maana hata kasha wezi wanaiga. Adai haki ya kurudisha, kwa maandishi.

Lakini siku mtoto anafukuzwa ku masomo, nani hapa Kolwezi atalipa namba? Atalipa paka gramu za feza. Makuta ya mwisho wa kazi ibakie nyumbani.