TAHARIRI: MTAMA UPO NDANI, TUNAPANGA FOLENI YA MAANDAZI



Asubuhi pita pale madukani barabarani uone. Watoto wamejipanga, huyu katumwa maandazi, yule chapati. Wakishapata wanakimbia shule, wamechelewa. Na nyumbani gunia la mtama limesimama pembeni linawatazama tu.

Sisi tuliopewa kazi ya kuandika ukuta huu tulikaa tukapiga hesabu. Tuseme andazi ni shilingi 200 na nyumba inakula matano. Hiyo ni shilingi 1,000 kwa siku, 30,000 kwa mwezi. Na saa nne tumbo linadai tena! Uji wa mtama au uwele ukipikwa jioni, moto wa ugali ungali unawaka, ukatiwa kwenye chupa ya chai, asubuhi kazi ni kumimina. Foleni hakuna, kuni mpya hakuna.

Akina mama wametujibu wazi: "Nyie waandishi mnasema tu, muda wa kupika hatuna." Wana haki. Aliyetoka shambani na ndoo kichwani haambiwi aanze upya. Lakini tutazame muda unakopotelea. Maharage makavu yakitiwa chunguni vivi hivi yanakula kuni na jioni nzima. Yakilowekwa asubuhi kabla ya kwenda shamba, yanaiva upesi. Na kuloweka hata baba anaweza, bakuli halichagui mkono. Mashineni nako, peleka debe zima siku moja, si kilo mbili mbili kila jioni. Mahindi usiyakoboe, maana pumba na kiini ndimo ilimo lishe.

Sasa mlenda. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, nayo ikipenda. Wazee walilijua hilo, ndiyo maana walikausha mlenda na majani ya kunde, wakatwanga, wakaweka. Mwezi wa kumi, nje pakavu kabisa, unachemsha maji, unatia magadi kidogo, unga wa mlenda na karanga za kutwanga. Kabla ugali haujasongwa mboga iko tayari. Chakula gani cha dukani kina haraka kuliko hicho? Siku hizi vijana wetu wanauita chakula cha shida, wanaficha bakuli mgeni akibisha hodi. Tunasema ukweli, jambo hili linatuuma kuliko hata zile shilingi.

Wakubwa watakumbuka mwaka 1975, kampeni ya Chakula ni Uhai. Watu walikaa vikundi vikundi wakizunguka redio, wakajadili wanachowalisha watoto wao. Ilikuwa baada ya miaka ya njaa, na hakuna aliyecheka mboga kavu.

Hatuna ugomvi na mama ntilie, naye anatafuta. Ukiwa safarini Dodoma mjini na njaa imekubana, kula kwake, mlipe. Tunachosema ni cha kila siku, nyumbani, ghala likiwa na kitu.

Mvua zikianza mlenda utaota wenyewe mashambani na kando ya njia. Safari hii tuuchume ukiwa mchanga, tuuanike kivulini, maana jua kali linaunguza lishe. Ghalani kwetu yapo maturubai mawili. Anayehitaji aandikishe jina kwa mtunza ghala, alitumie siku tatu, alirudishe likiwa kavu. Mwaka jana moja lilirudi limeloa, likaota ukungu.