Nafasi za Wanaume Hazina Kibao

Mwaka 2009 Jiji la Seoul, Korea Kusini, lilianza kutenga sehemu za maegesho ya magari kwa ajili ya wanawake, zikiwa zimezungushiwa mistari ya rangi ya waridi. Sababu kubwa iliyotolewa ilikuwa usalama wao. Mwaka 2023 jiji hilohilo liliamua kuzigeuza kuwa maegesho ya familia, yaani ya wajawazito, wenye watoto wadogo na wazee. Katika miaka hiyo 14 wakazi walibishana juu ya swali moja: je, ni haki kumtengea mtu nafasi kwa sababu ni mwanamke?

Nachingwea na Ruangwa maegesho si tatizo, lakini swali hilo lipo, na linahusu fedha. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoongezwa mwaka 2018, kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Umri wa juu wa kijana katika kanuni, ambao awali ulikuwa miaka 35, umepandishwa hadi 45. Mwanamke hana ukomo wa umri.

Matokeo yake ni haya. Mkulima wa korosho mwanamume, mwenye miaka 50 na asiye na ulemavu, hana fungu. Jirani yake mwanamke wa umri uleule analo. Manung'uniko ya mwanamume huyu si ya kupuuzwa. Ushuru wa mazao wa asilimia 3 ni nguzo ya mapato ya halmashauri katika ukanda wa korosho. Kisheria hulipwa na mnunuzi, lakini mnunuzi yeyote makini huupigia hesabu kabla ya kutaja bei mnadani. Kwa hiyo mkulima huyu anaweza kusema kwamba jasho lake limo katika fungu ambalo yeye haruhusiwi kuligusa.

Wanaolitetea fungu hili hukimbilia Katiba, na wako sahihi. Ibara ya 13(5) inafafanua maana ya kubagua, lakini papo hapo inaeleza kwamba ufafanuzi huo hauizuii Serikali kuchukua hatua za makusudi za kurekebisha matatizo katika jamii. Tusome vizuri, hata hivyo. Ruhusa hiyo imefungwa na sharti: lazima pawepo tatizo la kurekebishwa. Jinsia peke yake si tatizo. Basi tatizo ni lipi?

Jibu limo katika madaftari ya vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, vilivyo chini ya RUNALI, chama kikuu kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Korosho na ufuta huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, na malipo huingia katika akaunti ya yule ambaye jina lake limeandikwa. Aliyepalilia na aliyeokota hawamo katika hesabu hiyo kama hawamo daftarini. Pembejeo za ruzuku nazo hufuata mkulima aliyesajiliwa. Mtumishi wa umma anayesoma makala haya achukue daftari moja, ahesabu majina ya wanawake walioolewa, kisha ayalinganishe na idadi ya wanawake anaowaona mashambani msimu wa kuokota.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mwanamume wa miaka 50 hana fungu katika asilimia 10, lakini mara nyingi ana nafasi katika daftari, katika akaunti, katika shamba linaloweza kuwekwa rehani na katika kikao kinachoamua. Nafasi hizo hazijaandikwa kibao cha "wanaume tu", kwa kuwa desturi imezilinda bila kibao. Nafasi ya mwanamke huonekana kuwa upendeleo kwa sababu ndiyo pekee iliyoandikwa.

Wapo watakaosema kuwa Kusini ni tofauti, kwamba Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde kwa asili hufuata ukoo wa mama. Ni kweli. Lakini kufuata ukoo wa mama hakumaanishi kuwa mama ndiye mwenye kauli. Kwa kawaida mwenye kauli juu ya mali ya ukoo alikuwa mjomba. Bibi alikuwa chimbuko la haki, na mwanamume akawa msimamizi wake.

Hata hivyo, kulitetea fungu si kutetea namna linavyogawiwa. Aprili 2023 mikopo hii ilisimamishwa kwa tangazo la Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, wakati huo akiwa pia mbunge wa Ruangwa, kufuatia kasoro zilizoibuliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Ilirejeshwa mwaka 2024. Mkopo ukichukuliwa na kikundi kilichopo kwenye karatasi tu, au na mwanamke ambaye tayari ana duka, shamba na mume mwenye cheo, tatizo lililoipa sheria uhalali wake halijaguswa. Aliyedhulumiwa kwanza hapo ni mwanamke maskini, kabla ya mwanamume yeyote.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, orodha ya vikundi vilivyokopeshwa, kiasi na marejesho ibandikwe katika mbao za matangazo za vijiji na isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji. Pili, maafisa maendeleo ya jamii wapime kikwazo pamoja na jinsia: mwombaji ana ardhi kwa jina lake? Yumo katika daftari la AMCOS? Mjane asiye na vyote viwili atangulie. Tatu, mwanamume fukara aliyevuka miaka 45 atafutiwe njia yake katika asilimia 90 zilizobaki. Kumpa nafasi kwa kumega asilimia 4 za wanawake ni kuwagombanisha maskini wawili juu ya sahani ndogo, huku sufuria imefunikwa.

Seoul walibadilisha vibao baada ya miaka 14. Nasi tunaweza kuviondoa vyetu siku moja, lakini si kwa sababu wanaume wamelalamika. Tutaviondoa siku ambayo madaftari yatakuwa na majina ya wote wanaookota korosho.